Sindano Iliyoruka Saa Nne

Mmeniuliza kama mawimbi ya redio yanaweza kuharibu vipimo ambavyo satelaiti hupima kule juu, na mkaniomba jibu la ukurasa mmoja kwa ajili ya darasa lenu. Vijana mna haraka. Jibu fupi ni ndiyo, yanaweza. Anayetaka kuandika hilo tu na aandike, aende zake. Ila mimi swali hilo liliwahi kunitapisha nyuma ya ofisi yangu mwenyewe, hapa hapa Butembo, wakati wa vita vya pili vya Kongo, kwa hiyo sentensi moja hainitoshi.

Wengi wenu mnanijua kama mzee Muhindo anayefungua televisheni za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu moja pungufu. Zamani nilikuwa na kazi nyingine, ya kutunza mtambo wa kupimia anga. Kabla ya vita, profesa mmoja kutoka ng'ambo alifunga mtambo juu ya paa la ofisi ya afya ya kanisa, kule kilimani, kwa sababu pale palikuwa na umeme wa jua na ukuta wa matofali. Lilikuwa sanduku jeupe lenye mdomo uliotazama mbinguni, upande wa Ruwenzori. Watu walidhani linaongea na Ulaya. Halikuongea na mtu. Shikeni hilo kwanza: phonie, ile redio ya kuongelea na watu wa mbali, husema; sanduku lile lilisikiliza tu.

Lilisikiliza nini? Maji yaliyo hewani, mawingu, mvua, hata udongo wa shambani, vyote hutoa mnong'ono mdogo sana wa mawimbi mafupi yanayoitwa mikrowevu. Hakuna anayeviwasha, ndivyo vilivyo. Satelaiti ilipita juu yetu ikiusikiliza mnong'ono huo kutoka juu, sanduku letu likausikiliza kutoka chini, naye profesa akalinganisha. Mezani kwangu kulikuwa na sindano yenye wino iliyochora mstari kwenye rola ya karatasi. Anga ikiwa safi, mstari ulilala chini. Wingu likija, ulipanda taratibu. Mvua, ulipanda zaidi.

Sasa hatari mnaiona wenyewe. Sikio linalotafuta mnong'ono haliwezi kuvumilia mtu anayepiga kelele. Mtambo wa ardhini ukitangaza kwenye masafa yale yale ambayo satelaiti inasikiliza, satelaiti haina namna ya kujua kwamba ule ni mtambo; inadhani ni ardhi yenyewe inayosema. Ikiwa inapima unyevu wa udongo, kelele hiyo huifanya ione shamba la Masereka limekauka, na kumbe mwenye shamba yuko kwenye tope hadi magotini. Kwa sanduku letu lililotazama juu, kelele ilionekana kama mvua, tena mvua ya jua kali.

Najua mmoja wenu, yule mwenye kiherehere, atainua mkono aseme phonie haitumii masafa hayo. Kweli kabisa. Phonie hutumia mawimbi marefu zaidi, yale yanayogonga anga na kurudi chini, ndiyo maana mtu wa Butembo alisikika Kyavinyonge na Beni bila mlingoti. Hayo niliyajua, na kuyajua ndiko kulikonipoteza: niliamini kosa lolote litakuwa kwenye sanduku la paani tu.

Aliyenifundisha phonie alikuwa Mama Katungu. Alikuwa muuguzi, akashika phonie ya ofisi ya afya kwa sababu mwanamume aliyekuwa akiishika alipenda zaidi kusalimiana na marafiki kuliko kupitisha habari za wagonjwa. Mimi nilifika kwake nikiwa na diploma na viatu vilivyong'aa. Siku ya kwanza nilikosea saa kwenye daftari, nikachukua gomme nikafuta. Alinishika mkono.

"Muhindo, hapana futa. Ukikosea, piga mustari moya tu, neno ya zamani ibakie inasomeka. Daftari yenye kufutwa inadanganya."

"Mama, ni saa tu. Dakika kumi."

"Dakika kumi ni mutu. Mutoto anazaliwa mu dakika kumi. Andika vile iko."

Nilikaa na neno lile kazini kwangu kote. Kila sindano iliporuka, niliandika kwa penseli pembeni ya rola: saa, hali ya anga, na sababu kama naijua. Mama Katungu baadaye alihamia maternité, nyumba ya kujifungulia, ng'ambo ya uzio wetu wa miti ya miyenze, mita themanini hivi kutoka mezani kwangu, akaenda na phonie yake. Nao ndio wakati sindano yangu ilipoanza wazimu.

Asubuhi kulikuwa na kipindi cha phonie, mchana kipindi, jioni kipindi. Na kila kipindi, jua likiwaka, sindano iliruka. Haikupanda taratibu kama kwa wingu. Iliruka na kushuka, ikaruka tena, ikifuata maneno yake. Niliandika "phonie" pembeni, nikapanda paani kutafuta ubovu. Nilibadilisha skrubu. Nilifukuza mbuzi wa pasta aliyekuwa ameanza kula waya. Nilifunga waya upya, nikageuza sanduku, nikapaka rangi. Mama Katungu alinitazama kutoka uani kwake akicheka.

"Weye uko napanda tu juu ya paa sawa paka. Unajua kama shida iko juu?"

"Mama, sanduku iko juu."

"Na mutu iko chini," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Sikumsikia. Nilikuwa fundi mwenye diploma, na fundi mwenye diploma akishindwa na kitu huandika barua. Ninyi mnajua barua zetu. Niliandika kwa mashine ya chapa kwamba phonie ya maternité inaharibu vipimo vya kimataifa, kwamba mtambo wangu unaisikia kila inaposema, na kwamba naomba saa zake zipunguzwe. Chini yake nikaweka orodha ya copies pour information: ofisi ya afya, meya, mkuu wa mtaa, mwangalizi wa shule, posta, ofisi ya usalama. Posta inahusika vipi na mawingu, hata leo sijui. Niliona tu kwamba barua yenye nakala nyingi ni barua ya mtu mkubwa. Nikapiga muhuri kila nakala.

Hakuna aliyejibu. Zikaingia kwenye mafaili, nami nikazisahau.

Halafu vita vikageuka. Waliokuwa wameshika mji wakaondoka, wakaja wengine, na hao wengine wakakaa kwenye ofisi zile zile na kurithi makabati yale yale. Komanda wao mpya alipiga marufuku phonie zote, za wafanyabiashara, za makanisa, zote. Kila mwenye chombo akileta kwake. Kule Beni mtu mmoja wa phonie aliyechelewa kuleta alichukuliwa na chombo chake, na familia yake ikarudishiwa viatu tu. Habari hiyo ilifika kwetu kabla ya soko kufungwa, na sokoni kila mtu akawa anaongea kwa sauti ya chini.

Mama Katungu alipeleka phonie yake. Nilimwona akipita nayo mbele ya ofisi yangu kwenye toroli, mbele ya macho ya watu wote. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, sasa angalau sindano itatulia.

Ilitulia siku nane. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, anga nyeupe bila hata wingu, sindano iliruka. Mara tatu fupi, kimya, mara tatu fupi, kimya, halafu moja ndefu. Nilisimama, kiti kikaanguka. Ndivyo Mama Katungu alivyokuwa akiita: jina la kituo mara tatu, angoje, mara tatu tena, halafu maneno yenyewe kwa mkupuo mmoja. Nilimjua kama mnavyomjua mama yenu kwa hatua zake akiwa bado nje ya nyumba.

Kumbe aliyopeleka kwa komanda ilikuwa phonie nyingine, mbovu, ya zamani. Nzuri aliificha. Nilitazama ng'ambo ya uzio, nikaona kamba ya kuanikia nguo za watoto wachanga, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba haikuwa kamba. Ulikuwa waya wa shaba, na pale ulipofungwa kwenye miti aliweka vipande vya bidon ya plastiki ili usiguse mti. Mimi ndiye niliyemwonyesha ujanja wa bidon.

Sikumwambia kwamba najua. Siri ya namna hiyo ikijulikana na wawili, mmoja anaweza kupigwa mpaka aseme, nami sikujiamini. Kyavinyonge kulikuwa na kipindupindu, serumu ya kuwatundikia wagonjwa ilikuwa Beni, na bila mtu wa kupitisha habari hakuna gari lililojua liende siku gani na lisimame wapi. Hayo yalinitosha. Nikaendelea na kazi. Na kila siku saa nne nilikaa mbele ya sindano mpaka iruke. Ikiruka, nilijua yuko hai. Kero iliyonipandisha paani miezi mingi nikawa siitafuti tena. Niliuacha ubovu ule kwa makusudi, ndio ulioniletea habari zake.

Pembeni ya rola niliendelea kuandika, kwa mwandiko mzuri, vile iko: "saa 4, anga safi, phonie". Msicheke. Mkono uliofundishwa vizuri hauulizi kichwa.

Komanda alikuja siku ya Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na askari watatu. Alikuwa mtu wa umbo dogo, msafi, mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio ulionitisha. Alikuwa na karatasi mkononi. Niliuona muhuri wangu kabla sijauona uso wake.

"Yo technicien, yaka awa, kuya hapa. Hii barua ni yako?"

"Ni yangu, komanda."

"Donc mashini yako inasikia phonie."

Akaendelea, bila haraka.

"Kuko mutu mu hii ville iko naongea na phonie. Batu yangu banasikiaka mara moya moya sauti ya mwanamuke, mais habajue iko wapi. Ile phonie ya maternité iko kwangu, hii ni ingine. Weye uliandika hapa mashini yako inasikia kila wakati phonie inasema. Bien. Kesho saa tatu ntakuja na transmetteur wangu. Ataongea na phonie yetu, utanionyesha namna sindano inafanya. Kisha tutasoma makaratasi yote ya hii mwezi. Tutajua saa gani anaongea, na tutamutafuta."

Aliacha askari mmoja mlangoni anilinde. Alisema hivyo hivyo, anilinde. Walipoondoka nilizunguka nyuma ya ofisi, askari akinifuata, nikatapika bukari yote ya mchana.

Niliogopa, wanangu. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa zaidi kwa sababu sikujua askari angeanza na mimi au na yeye. Kuvuka uzio kumwonya sikuweza. Kutuma mtu, nimtume nani mbele ya bunduki? Na kesho saa nne yeye angeita kama kawaida, komanda akiwa amesimama mbele ya sindano.

Nilibaki na njia moja, ile ya fundi. Ubovu nilioshindwa kuuona miezi yote ile, niupate sasa, mchana huo huo, mbele ya mlinzi.

Nilikaa nikafikiri, na safari hii sikupanda paani. Nilijiuliza ni kiungo kipi sijawahi kukifungua. Jibu lilinitia aibu. Chini ya meza, pale waya wa kutoka paani unapoungana na ule unaoingia kwenye sindano, kulikuwa na kiungo nilichokichomea mimi mwenyewe siku ya kufunga mtambo. Sikuwahi kukigusa kwa sababu kilikuwa cha mkono wangu. Nilifungua utepe. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani, bila shaka iliyoanza wakati ule Mama Katungu alipohama, na wavu wa nje wa waya umekatika nusu. Hapo nikaelewa kila kitu. Phonie haikuwahi kuharibu kipimo cha angani hata siku moja. Iliingia kwa mlango wa nyuma: waya mrefu uliinasa sauti, kiungo chenye kutu kikaigeuza umeme, umeme ukasukuma sindano. Shikeni hayo myaweke kwenye ukurasa wenu: kabla ya kuulaumu mwingiliano wa mawimbi, fungua kiungo ulichokichomea mwenyewe.

Lakini kuchomea waya kwa moto mbele ya askari kunataka sababu. Sababu alinipa mwenyewe. Alitoa redio ndogo mfukoni.

"Papa, hii yangu iko nakoroma tu. Unaweza ona?"

"Naweza, mwanangu. Nitafutie makala yenye moto."

Alimwita mama mmoja wa jirani, akaleta makaa. Nikatia chuma cha kuchomea motoni, nikatengeneza redio yake kwanza, waya wa spika ulikuwa umeachia. Muziki ulipotoka alifurahi kama mtoto, akakaa kizingitini akitikisa kichwa, na mimi nikaingia chini ya meza. Nilisugua shaba kwa wembe mpaka ikang'aa. Nikachomea wavu wote kuzunguka. Nilikuwa na televisheni iliyokufa. Nikaivunja, nikatoa ile pete nyeusi ya shingoni kwenye kioo, nikapitisha waya ndani yake mara saba. Pete ile huzuia mawimbi ya phonie yasipite kwenye waya na kuacha mkondo wa sindano upite. Mwisho nikamwaga ndoo ya maji ya chumvi kwenye chuma cha ardhini, kile kinachopeleka umeme wa ziada udongoni.

"Unanywesha nini?" askari akauliza.

"Ardhi. Ikikauka, mashini inalala."

Yakabaki maandishi. Neno "phonie" pembeni ya rola, siku baada ya siku, saa nne, saa nne, saa nne. Nilichukua gomme. Sijui kama mnaweza kuelewa, ninyi mnaofuta kwa kidole kwenye kioo. Nilifuta neno moja moja na mahali pake nikaandika "soudure", kwa sababu chini ya kilima kulikuwa na karakana ya Kambale mchomeaji, na mashine za kuchomea hupiga kelele kwelikweli. Jasho lilidondokea karatasi. Baada ya vita nilimwandikia profesa nikamwambia wiki zile azitupe na kwa nini. Siku ile nilijiona nimechafua mikono kwa namna ambayo sabuni haitoi.

Na kitu kimoja kilibaki kikinitafuna. Matengenezo yangu sikuweza kuyajaribu. Ili kujua kama sindano haisikii tena, phonie ilipaswa iseme, na phonie mbili tu ndizo zingesema: ya komanda na ya Mama Katungu. Zote mbili kesho.

Walisema saa tatu, wakafika saa tatu na nusu imekwisha pita. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Transmetteur alikuwa kijana mwembamba mwenye daftari lake, mtu wa kazi, nikamwogopa kuliko bunduki. Alisimamisha gari nyuma ya ofisi, umbali ule ule wa maternité, akanyoosha antena.

"Alô, alô, essai, essai."

Sindano ililala. Akabadilisha masafa. "Alô, essai." Ililala. Mikono niliificha mgongoni. Akabadilisha tena, akahesabu moja mpaka kumi kwa Kifaransa, na alipofika sita, sindano ikatikisika.

"Tala!" komanda akasema. "Inapanda!"

Ilipanda kweli, upana wa kucha, halafu zaidi. Nikaona kiungo hakikushika, nikaona viatu vya yule mtu wa Beni. Halafu nikayatoa macho kwenye sindano, nikayapeleka dirishani. Kutoka Ruwenzori wingu lilikuwa linakuja, moja, zito.

"Komanda, ni ile wingu. Mwambie aache kusema."

Transmetteur akanyamaza. Sindano haikushuka. Iliendelea kupanda taratibu, bila kuruka, ikakaa juu huku wingu likipita, ikaanza kushuka lilipoondoka. Transmetteur aliingia, akaisogelea, akaitazama muda mrefu.

"Chef, hii haisikie phonie. Iko nasikia maji ya mbingu tu." Akaenda kuzima chombo chake na kukunja antena.

Komanda hakuridhika. Alifungua rola, akaweka kidole kwenye mruko mmoja.

"Na hii?"

"Soudure, komanda. Kuko mufundi wa vyuma hapa chini."

Akaikunjua barua yangu mezani, akailainisha kwa kiganja. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika moja. Niliutazama mshale wake ukisogea.

"Hapa uliandika inasikia. Leo haisikie. Donc ulidanganya ile siku, ao unadanganya leo?"

Saa nne ikafika. Ng'ambo ya uzio, nilijua, mkono wake ulikuwa kwenye kitufe. Komanda alinitazama mimi, mimi nikaitazama sindano. Sindano haikufanya kitu. Mstari ulikwenda mbele, umenyooka, mweusi.

"Ile siku nilikosea, komanda," nikasema. "Sikujua kazi. Niliandika kitu nilikuwa sijue, ju nilitaka baniogope."

Alicheka. Askari nao wakacheka. Akanikalisha kwenye mashine ya chapa yangu mwenyewe na kunisomea barua mpya neno kwa neno: kwamba mimi Muhindo natambua sina ujuzi wa kutosha, kwamba mtambo wangu hausikii phonie wala kitu kingine cha maana, kwamba barua ya kwanza ilitoka kwa ujinga na majivuno. Akataka nakala zote zile zile, na posta pia. Moja ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa meya. Miaka mingi baadaye bado kulikuwa na watu Butembo walioniita Technicien wa Mawingu, na wenye redio mbovu walizipeleka kwa wengine.

Walipoondoka nilisubiri mpaka injini ya gari isisikike. Halafu nikavuka uzio. Mama Katungu alikuwa maternité, anakunja vitambaa. Nilimwambia yote, kuanzia barua ya kwanza. Nilipofika kwenye nakala alinikatiza.

"Copies ngapi?"

"Sita, mama. Mpaka posta."

"Na posta?"

"Na posta."

Alikaa kwenye kitanda kilichokuwa kitupu.

"Saa ine niliita Kyavinyonge mara tatu," akasema. "Na beko hapo kwako?"

"Beko hapo. Komanda alikuwa karibu yangu sawa vile niko na weye."

"Na sindano?"

"Hapana kutikisika."

Nilitumaini atasema basi, imetosha. Nilikuja na tumaini hilo. Nilikuwa nimejiaibisha mbele ya mji mzima, nikafuta daftari, nikamwomba Mungu kwa sauti chini ya meza, ili mama huyu apumzike.

"Wasingya, aksanti mwanangu," akasema. "Kesho saa ine niko naita tena. Serumu haiyafika."

Nikarudi mezani. Kesho yake saa nne nilikaa mbele ya sindano, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mtambo ulikuwa mzima. Ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa mikono hii, na sikusikia chochote. Ameita? Hajaita? Wamemkuta ameshika kitufe? Mstari ulikwenda mbele umenyooka, siku ile na iliyofuata, nami nikawa natoka nje kila saa nne, nasimama karibu na uzio nikijifanya natazama mawingu. Nilijifanya vibaya sana. Hata mbuzi wa pasta alinishangaa.

Siku ya nne, dakika kumi baada ya saa nne, mlango wa maternité ulifunguliwa. Mama Katungu alitoka na beseni, akatembea mpaka mbele yangu kabisa, upande wake wa uzio, akamwaga maji chini, akarudi ndani. Hakunitazama wala hakunisalimu. Kesho yake, dakika kumi baada ya saa nne, alitoka tena na beseni. Na kesho yake tena, mpaka vita vilipotuachia, bila sisi wawili kusema neno juu ya jambo hilo. Maji ya kilima chetu yalipandishwa kwa kichwa kutoka chemchemi, na pale maternité hayakutosha hata kidogo. Wiki ya pili ndipo nilipotazama yale anayomwaga. Yalikuwa masafi, hayakuwa yameosha kitu.